Aya ya Sita

Nianze na wivu wangu, maana bila wivu huo sina cha kusimulia. Mimi ni karani wa wakili hapa Bariadi. Si wakili. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka kumi na sita watu waliingia ofisini kwetu wakiniita wakili, nami sikumsahihisha hata mmoja.

Mzee mwenye ofisi ndiye aliyekuwa wakili. Alikuwa mtu wa watu, wa safari nyingi na vikao vya ukoo, na siku alizokuwepo ofisini alisaini na kugonga mhuri. Kuandika niliandika mimi. Nilijua kwamba hati ya madai haiandikwi kama barua ya kulalamika. Lazima iseme nani anamdai nani na wanaishi wapi. Iseme ugomvi ulizuka lini na kwa tendo gani. Iseme mali inayogombewa ina thamani gani, ijulikane kama mahakama ile ina mamlaka nayo, na kama ni ardhi, mipaka yake isomeke hata kwa mtu ambaye hajawahi kuikanyaga. Ukiacha kimoja, wakili wa upande wa pili hangoji shahidi wako afungue mdomo. Anasimama, anasema ana pingamizi la awali, na mteja wako anarudi nyumbani na maneno yake yote kifuani. Nina cheti cha sheria cha mwaka mmoja tu, nilichokisomea Mwanza nikiwa na mtoto mgongoni, lakini katika miaka hiyo yote hakuna hati yangu iliyokwama. Chini ya kila hati paliandikwa "Imeandaliwa na", likafuata jina la mzee. Sikuona shida. Mzee alikuwa mzee.

Kisha mzee akaanza kusumbuliwa na sukari, akaenda kuishi kwa mwanawe, na ofisi akamwachia binti mmoja wakili kutoka Tanga.

Ngoja nimseme vizuri, nisije nikaonekana namsingizia. Alikuwa na adabu. Aliniamkia kila asubuhi kabla hajaweka mkoba wake chini. Aliniita mama, na hapo ndipo paliponichoma kwanza, kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na minne na pale ofisini hakuna aliyekuwa akiniita hivyo. Nilikuwa dada, au wakili. Alitundika vyeti vyake ukutani, viwili, ndani ya fremu, mahali ambapo mimi nilikuwa natundika kalenda. Kalenda aliihamishia nyuma ya mlango akaniuliza, "Mama, hapa haitakusumbua?" Nikasema haitanisumbua. Ilinisumbua miezi minane.

Wateja ndio walionimaliza. Kuna mkulima mmoja wa Shishiyu ambaye nilimwandikia hati ya mgogoro wa kisima, na ya mirathi, na barua za kila aina. Kwa miaka alikuwa akiketi mbele ya meza yangu kabla hata sijamkaribisha. Siku moja aliingia, akanipungia mkono, akapita moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Nilimsikia akicheka humo. Alipotoka akaniinamia mezani na kunong'ona, "Aisee, huyu mtoto kasoma." Aliniambia mimi maneno hayo, uso kwa uso, akidhani ananipa habari njema. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Na Kiswahili chake! Tangu kesi zianze kuendeshwa kwa Kiswahili nilijua zamu yangu ya kung'ara imefika. Enzi za mzee tuliandika Kiingereza cha kunakili kutoka mafaili ya zamani, hata sisi wenyewe tukikiogopa. Lakini Kiswahili changu mimi nilikikuta shuleni. Nyumbani kwetu Nkoma tuliongea Kisukuma, na hadi leo nikipandisha hasira Kiswahili kinanikimbia. Yeye alizaliwa nacho. Pale ambapo mimi ningeandika "mdaiwa alifanya fujo akavamia", yeye aliandika "mdaiwa alijitwalia eneo hilo pasipo ridhaa ya mdai", na sentensi ikasimama yenyewe bila kushikiliwa. Saa ya chakula cha mchana, yeye akienda kula, nilibaki nyuma nikafungua mafaili yake na kusoma hati zake moja moja, natafuta kosa. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Sikulipata, na kila nilivyolikosa nilizidi kumchukia. Nikisikia viatu vyake barazani nilifunga faili, na akiingia namuuliza kama chakula kilikuwa kizuri.

Watu huita hicho kijiba cha roho, na ni kweli kinakaa rohoni, lakini mimi kilinikaa pia tumboni. Nilikonda. Mume wangu alidhani naumwa.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni Kisukuma. Wateja wa mjini aliongea nao mwenyewe, ila wale wa vijijini, hasa wazee na wafugaji, hakuweza kuwapata bila mimi. Hapo nilikaa kiti cha pembeni, kati yake na mteja, na kwa nusu saa nilikuwa mtu tena.

Ndivyo tulivyokaa asubuhi ile alipokuja mjane mmoja kutoka vijiji vya upande wa Dutwa. Alikuwa mama wa makamo aliyeanza kuzeeka, mwembamba, amejifunga khanga mbili. Kiswahili cha mnadani alikijua. Cha ofisini kilimpita.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaitikia. Ng'wanawane ni mwanangu. Nilipomwambia mimi ni wa Nkoma alinishika mkono akasema basi amefika nyumbani.

Halafu akafungua kifurushi chake, akatoa michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, akanyoosha mikono yote miwili na kumpa wakili. Hakunipa mimi. Yule binti akashukuru, akachukua kipande akakitafuna kikavu vilevile, akawa anageuza taya kwa adabu. Nilimwacha atafune. Baadaye aliponiuliza nikamwambia huwa tunavichemsha.

Shida ya mjane ilikuwa ngitili yake. Ngitili, kwa asiyejua, ni eneo la malisho ambalo mwenyewe hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, akalifungua kiangazi pale nyasi za kwingine zinapokwisha. Ya kwake ilizungukwa na minyaa iliyopandwa na marehemu mumewe, lakini minyaa haimzuii ng'ombe mwenye njaa. Kinachozuia ni kwamba kijiji kizima kinajua imefungwa. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe watano. Bila ngitili ile wasingevuka kiangazi, na bila ng'ombe wale yeye asingevuka mwaka. Hakuwa na kingine.

Alisimulia yote kwa utaratibu, mikono juu ya magoti. Mumewe alipofariki, kiangazi kilichofuata mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake, alikuja kwa heshima kuomba nyasi. Akamfungulia. Ng'ombe wa shemeji yako hawawezi kufa njaa nawe una nyasi, huo ndio utaratibu wetu, hauandikwi popote wala haumpi mtu ardhi. Kila kiangazi ikawa hivyo: shemeji anakuja, anaketi, anaomba, mjane anaondoa matawi yanayoziba mlango wa ngitili kwa mikono yake mwenyewe. Mvua zikianza, ng'ombe wa shemeji wanatoka na ngitili inafungwa. Miaka tisa. Mwaka wa kumi shemeji hakuja kuomba. Alikuja na plau, akang'oa minyaa upande mmoja, akalima na kupanda pamba. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Walikwenda kwa wazee wa ukoo, wakaenda Baraza la Kata, usuluhishi ukashindikana, na cheti cha kushindikana alikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Wakili alikuwa na kesi nyingine saa nne. Aliangalia simu yake, akashika kalamu. "Mama, kwa kifupi. Shemeji yake alianza lini kulitumia eneo?"

Nikaanza, "Anasema kiangazi kilichofuata baada ya mumewe kufariki, huyo shemeji alikuja..."

Akainua kidole. "Nipe mwaka tu, mama. Muda umetubana."

Kidole kile nakiona hadi leo. Kilikuwa kirefu, kina rangi nyekundu kwenye ukucha, na kilinyamazisha mtu aliyeanza kazi hii yeye akiwa anasoma shule ya msingi. Moyoni nikasema, unataka kifupi, utakipata kifupi.

"Miaka kumi na mitatu iliyopita," nikasema.

"Na anaendelea kulitumia hadi leo?"

"Hadi leo."

Hakuna uongo hapo. Ng'ombe waliingia miaka kumi na mitatu iliyopita, na hadi siku ile shemeji alikuwa ndani. Akaandika, akamshukuru mjane, akaondoka haraka kwenda mahakamani. Mjane akaniuliza kama yule binti ameelewa. Nikamwambia ameelewa.

Hati aliiandika jioni ile ile. Kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba huitwa maombi, lakini kazi yake ni ileile ya hati ya madai. Kesho yake akanipa niipige chapa. Aya ya kwanza hadi ya tano zilikuwa safi, mipaka imeelezwa vizuri kuliko ambavyo ningeieleza mimi, na niliumia kuisoma. Kisha nikafika aya ya sita. "Kwamba, takriban miaka kumi na mitatu iliyopita, mjibu maombi aliingia katika eneo la mgogoro pasipo haki yoyote na ameendelea kulikalia na kulitumia hadi leo."

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Sheria inampa mtu miaka kumi na miwili kudai ardhi yake. Ikipita, basi. Na kwenye pingamizi la awali hakuna anayesikiliza mashahidi wala kwenda kuona minyaa; inasomwa hati peke yake, na yaliyomo yanachukuliwa kuwa ndiyo ukweli wa mdai. Hati ile ilikuwa imetamka kwa Kiswahili kitamu kwamba mjane alinyang'anywa ardhi yake miaka kumi na mitatu iliyopita akakaa kimya. Mtu wa kwetu asingeliandika hivyo hata usingizini, kwa sababu anajua ng'ombe wa shemeji kuingia kwenye ngitili iliyofunguliwa na mwenyewe si kunyang'anywa. Unyang'anyi ulianza siku ya plau. Lakini wakili hakuwa mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu alikuwa mimi.

Nilikuwa nimelitafuta kosa kwa miezi minane na sasa lilikuwa mbele yangu, na sehemu yake nilikuwa nimeipika mwenyewe. Naona haya kusema nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri. Nilipiga chapa aya ya sita bila kubadili nukta. Chini nikaandika "Imeandaliwa na", nikaweka jina lake, na kwa mara ya kwanza jina lile halikuniuma.

Siku ile ile maombi yakasajiliwa, na shemeji alipopelekewa nakala akawa na siku ishirini na moja za kujibu. Nilizihesabu. Kabla shemeji hajajibu, wakili wetu angeweza kuomba kurekebisha hati bila vurugu, mistari miwili tu: kwamba kwanza aliingia kwa ruhusa ya msimu, na kwamba miaka minne iliyopita alilima bila ruhusa. Pingamizi likishawekwa, mlango huo unafungwa. Huruhusiwi kurekebisha hati yako ili ulikwepe. Haya yote niliyajua. Nilijiambia kwamba hata likitokea la kutokea, maombi yataondolewa tu na tutayaandika upya, na safari hii nitayaandika mimi. Nao ulikuwa uongo wa kujifariji. Kuna kesi kuondolewa, ambapo unarekebisha na kurudi, na kuna kesi kutupiliwa mbali, ambapo umekwisha. Hoja ya muda kupita haiondoi. Inatupilia mbali. Niliwahi kuwafundisha tofauti hiyo makarani wawili.

Siku ya tisa nilijitahidi. Sisemi ili nisifiwe, nasema kwa sababu ilitokea. Asubuhi wakati nafagia nilimkumbuka mjane na khanga zake mbili, nikaona aibu, nikaacha ufagio nikaenda mlangoni kwa wakili. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno. Nikakuta ana mgeni, karani mmoja mwanaume tunayefahamiana, ambaye kazi yake ni kupokea nyaraka pale Baraza la Ardhi. Alikuwa akisema, "Wakili, tangu nianze kazi hii sijapokea hati iliyoandikwa vizuri hivi. Inasomeka mpaka raha."

Binti akaniona. Akanikaribisha kwa mkono, akacheka, akasema, "Sifa zimfikie na mama yangu hapa. Ndiye mkalimani wangu."

Alinisifu. Najua alinisifu. Lakini lile neno mkalimani lilinishuka kooni kama mwiba wa sato. Miaka kumi na sita ya hati zisizokwama, na leo mimi ni mtu wa kugeuza maneno ya wengine. Karani akanitazama akatikisa kichwa kwa huruma, yeye aliyekuwa akipokea hati zangu zote na kujua mkono ulioziandika.

"Ulikuwa na shida, mama?" wakili akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nilikuja kuuliza kama mnakunywa chai."

Nikawaletea chai. Baada ya hapo sikujaribu tena.

Siku ya ishirini majibu yakaletwa. Shemeji alikuwa amemweka wakili mmoja mwanaume, mkongwe, tuliyekuwa tukikutana naye tangu enzi za mzee. Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya majibu yenyewe, palikuwa na mstari mmoja wa herufi nene: taarifa ya pingamizi la awali, kwamba maombi haya yamepitwa na muda. Nilizipokea mimi karatasi hizo na kusaini. Nikazipeleka ndani, nikaziweka mezani kwake, nikasimama pale.

Alisoma amesimama, kisha akakaa. Akafungua hati yake mwenyewe hadi aya ya sita. Nilikuwa nimengoja miezi minane kuuona uso huo, na niliuona, na haukunipa nilichotarajia. Hakujitetea wala kunitazama. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mama, naomba umpigie mteja aje kesho."

Mjane alikuja. Wakili hakugusa simu wala saa. Akamwambia asimulie tangu mwanzo, na mimi nikatafsiri tangu mwanzo, safari hii bila kukatwa: shemeji alivyokuja kwa heshima, matawi yaliyoondolewa mlangoni, miaka tisa ya kuomba, plau. Niliona kalamu yake inapunguza mwendo. Aliposikia "nilimfungulia kila kiangazi" aliifunga kalamu kabisa.

Mjane alipotoka nje kwenda kupumzika kivulini, wakili aliinua macho. "Mama, siku ile ya kwanza hili alilisema?"

Swali lilikuwa jepesi. Neno moja lingetosha. Ningesema ndiyo, alilisema, wewe ukainua kidole. Angekubali, nilikuwa nimeanza kumfahamu, angekubali na pengine angelia. Tatizo ni kwamba baada ya hapo angeniuliza kwa nini sikumwambia nilipopiga chapa, na hapo jibu langu lingekuwa moja tu.

"Hakulisema," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi sikumuuliza vizuri," akasema, akaanza kuandika.

Hata hilo nilimwonea wivu. Nilikuwa nimemsukumia kosa, naye akalipokea na kulikalia kama lake. Mimi nikikosea hutafuta wa kumbandika. Yeye hakutafuta hata aliyekuwa amekaa mbele yake.

Siku ya kusikilizwa pingamizi tulikwenda watatu. Wakili mkongwe alisimama dakika chache tu. Alisoma aya ya sita yote, taratibu, kwa sauti ya kuipenda, kisha akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, sina la kuongeza. Mwombaji mwenyewe ameshasema." Akaketi.

Wetu alisimama. Alieleza ngitili. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu yeyote akiieleza kwa Kiswahili, msimu wa kufunga na msimu wa kufungua, heshima ya shemeji, tofauti ya kuruhusu nyasi na kutoa ardhi. Nilijisahau nikawa nasikiliza kana kwamba nasimuliwa habari za kwetu kwa mara ya kwanza. Kisha mkongwe akasimama nusu na kusema kwamba wakili msomi anatoa ushahidi akiwa kwenye meza ya mawakili, na kwamba hayo yote, matamu kama yalivyo, hayamo katika maombi. Alikuwa sahihi. Wetu akaomba arekebishe hati. Mkongwe akasema imechelewa, pingamizi limeshawekwa. Hapo pia alikuwa sahihi.

Mwenyekiti alitoa uamuzi wiki mbili baadaye. Alisoma kwa upole, akasema anaona huenda mwombaji alikuwa na hoja, ila baraza linafungwa na kilichoandikwa mbele yake. Pingamizi likakubaliwa. Maombi yakatupiliwa mbali.

Mjane alikuwa amekaa karibu yangu, goti lake limegusa langu. Alivuta mkono wa gauni langu. "Wamesemaje?"

Nilimwambia pale pale, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Kisukuma hakina neno jepesi la kutupiliwa mbali kwa muda kupita. Nilisema, "Wamesema ulichelewa. Ngitili inabaki kwake." Alifungua mfuko wake wa nailoni akachungulia cheti cha Baraza la Kata kama bado kimo, akaufunga tena.

Nje, penye jua, wakili alimshika mkono na kumpeleka pembeni mwa ukuta. Alimweleza kwamba rufaa ipo, na kwamba ataikata bila kumdai chochote, lakini hatamdanganya: huko juu nako watasoma karatasi ile ile. Nikatafsiri. Mjane akasema ng'ombe wawili ameshawauza, na hao watatu waliobaki atawapeleka mnadani kabla hawajakonda. Nikatafsiri na hilo.

Wakili akasema, "Mwambie kosa ni langu. Shemeji yake hakumshinda, nimeshindwa mimi. Niliharakisha, sikumuuliza vya kutosha."

Nikamwambia, neno kwa neno. Sikupunguza wala sikuongeza, kwa sababu nilikuwa na fahari yangu hata wakati huo.

Mjane alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipokiinua hakumtazama wakili. Alinitazama mimi.

"Mimi niliyasema yote siku ile ya kwanza," akasema kwa Kisukuma, polepole, bila hasira yoyote. "Yeye hakusikia, si lugha yake. Lakini wewe ulisikia, ng'wanawane."

Wakili akanigusa bega. "Amesemaje, mama?"

Magari ya Dutwa yalikuwa yanapiga honi upande wa stendi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, Kisukuma chake na Kiswahili chake, na hakuna aliyeinua kidole kunikatiza.

"Anasema hana kinyongo na wewe," nikajibu. "Anaaga."

Macho ya yule binti yakajaa machozi. Akamshika mjane mikono yote miwili, akakunja magoti kama wanavyofanya wasichana wa kwetu mbele ya mama zao, akasema kwa Kisukuma ambacho sikumfundisha mimi, "Wabeja, mayu. Wabeja sana."

Asante, mama. Asante sana.

Mjane aliiacha mikono yake ishikwe. Alikuwa ametamka shutuma na anajibiwa kwa asante, na hakuwa mjinga. Alinigeukia tena, safari hii kwa muda mrefu, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa maneno yake yalikuwa yakifikaje ndani ya ofisi yetu tangu asubuhi ile ya kwanza. Akaitoa mikono yake taratibu, akampigapiga wakili begani kumtuliza, akakaza khanga kiunoni, akaelekea stendi. Mimi hakuniaga.